Kuzijua Ada za Watu kabla ya Kuwahukumu

Tunaanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, na kwake tunataka msaada. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema.

Ama baada ya hayo. Ndugu msomaji, kuna mas-ala ambayo wengi wetu huyapita kama mtu apitaye kaburi asilolijua. Nayo ni haya: mtu akimhukumu mwenziwe kwa ada za kwao yeye mwenye kuhukumu, akamwona hana adabu, kumbe yule alikuwa amefanya adabu njema kabisa kwa ada za kwao, je, mwenye kuhukumu ana udhuru kwa kuwa hakujua, au huandikiwa kuwa amedhulumu?

Mas-ala haya sikuyatoa kitabuni. Yalinifika mwenyewe, chuoni kwangu, nami nayaeleza hapa ili mwingine asianguke nilipoanguka mimi.

Miaka kadha iliyopita niliwahi kuletewa mtoto wa Kimasai, umri wake yapata miaka minane. Baba yake alikuwa bawabu wa nyumba moja mjini kwetu, naye alikuwa amesilimu karibuni. Ada ya chuo chetu, kama ilivyo katika vyuo vingi vya pwani, ni kuwa mtoto aingiapo humwendea maalimu wake, akamtolea salamu, akaushika mkono wake akaubusu, ndipo akaenda akaketi. Mtoto yule kila asubuhi alikuja mbele yangu asiseme neno wala asishike mkono, bali aliinamisha kichwa akasimama kimya. Mimi nikimnyoshea mkono, naye hautazami. Nikamngoja, naye akaningoja. Mwisho humwambia kwa ukali, "Nenda ukakae!" naye huenda akakaa nyuma ya wenziwe.

Nilimdhania moja katika mawili: ama ni mjeuri, ama ni mpumbavu. Siku moja nikamkemea mbele ya wenziwe, nikamwambia kwamba kwao hakufunzwa adabu. Watoto wakacheka. Yeye hakulia wala hakujibu, lakini tangu siku ile sauti yake ilipungua katika kusoma, hata ikawa siisikii tena.

Mambo yakaendelea hivyo karibu ya miezi mitatu. Alasiri moja baba yake akaja kumchukua, naye amefuatana na mzee mmoja wa kwao. Mtoto alipomwona mzee yule alitoka mbio, akasimama mbele yake, akainamisha kichwa vile vile aniinamishiavyo mimi. Mzee akaweka kiganja chake juu ya utosi wa mtoto, akamwambia neno katika lugha yao, na mtoto akainua uso wake akacheka. Nikamwuliza baba, "Nini maana ya haya?" Akanijibu, "Maalimu, hivi ndivyo mtoto amwamkiavyo mkubwa kwetu. Mtoto hutoa kichwa, na mkubwa hukigusa." Nikasema, "Na mkubwa asipokigusa?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mtoto hujua kwamba mkubwa yule hamtaki."

Wallahi, neno lile lilinikata. Miezi mitatu mtoto alinipa kichwa chake kila asubuhi, nami nikakiacha. Aliyekuwa hakuamkia si yeye, ni mimi.

Nikarejea katika vitabu. Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Imamu Shafi'i wameweka kanuni tano kubwa ambazo hukumu nyingi hurejea kwazo, na moja katika hizo ni kwamba ada hufanywa hakimu. Maana yake ni kuwa jambo ambalo sharia imelitaja wala haikuliwekea mpaka, wala lugha haikuliwekea mpaka, huangaliwa watu wa mahali pale hulichukuliaje. Mali iliyoibwa, je, ilikuwa imewekwa mahali pa hifadhi? Ada ndiyo ijibuyo. Kitu kilichouzwa, je, kimekwisha kukabidhiwa? Kukabidhi nyumba si kama kukabidhi nguo, na ada ndiyo ijulishayo. Basi ikiwa sharia tukufu, pamoja na ukubwa wake, husimama ikauliza ada katika mambo ya kufuli na mzigo, sisi ni nani hata tusiulize katika mambo ya heshima na matusi, ambayo yote yamejengwa juu ya ada?

Tena Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, katika kitabu chake Minhaji ambacho darasa zetu hazikikosi, alipoeleza murua ya mtu, yaani ile heshima ya nafsi ambayo bila yake ushahidi hukataliwa, ameifungamanisha na mwenendo wa walio mfano wake katika zama zake na mahali pake. Hakuweka kipimo kimoja kwa dunia nzima. Na Imamu Shatibi wa Granada, naye ni katika Wamaliki, ametoa mfano ulio wazi: mtu wa heshima kwenda kichwa wazi ni aibu katika nchi za mashariki, wala si aibu katika nchi za magharibi, na kwa hivyo jambo hilo humtia dosari mtu wa huku, lisimtie dosari mtu wa kule. Kichwa ni kile kile, na hukumu ni mbili.

Huenda msomaji akasema: mtu akisafiri sana atayajua haya mwenyewe. La! Kusafiri peke yake hakutoshi. Mtazame Ibn Battuta wa Tanja. Mwaka 1331 alishuka Mogadishu, kabla ya kufika Mombasa na Kilwa. Kadhi wa mji, mtu mwenye asili ya Misri, alikuja kumpokea pwani pamoja na wanafunzi wake, akamwambia akamsalimu Sultani. Ibn Battuta akasema atakwenda akishapata pa kushukia. Kadhi akamfahamisha kwamba ada ya mji ule ni kuwa mwanachuoni akija hapangi mahali mpaka amwone Sultani kwanza. Akafuata, akapokewa kwa tambuu na maji ya mawaridi, na kila kitu kikenda kwa uzuri.

Kisha mtazame mtu yule yule katika nchi ya Mali, mwaka 1352, naye amekwisha kutembea dunia miaka ishirini na saba. Aliambiwa ainuke, zawadi ya Sultani imekuja. Akainuka akitaraji mavazi na mali, akaona mikate mitatu, kipande cha nyama ya ng'ombe kilichokaangwa, na kibuyu cha maziwa ya mgando. Akacheka, akawaona watu wale ni wadogo wa akili kwa kukikuza kitu kidogo. Ikapita yapata miezi miwili, naye ana kinyongo moyoni, mpaka alipoonana na mkalimani wa Sultani, aliyeitwa Dugha. Huyo akamshauri aseme mbele ya Sultani, naye atamfikishia maneno yake kama ipasavyo. Akasema, na Sultani akajibu kuwa hakuwa na habari naye, akaamuru apewe nyumba na posho. Kisha katika kitabu chake mwenyewe Ibn Battuta akawasifu watu wa Mali kwa uadilifu wao, na amani ya nchi yao, na kudumu kwao katika sala, na kuwahimiza watoto wao kuhifadhi Kurani.

Basi angalia. Mtu ni mmoja. Mogadishu aliambiwa kwanza kisha akatenda. Mali alipima kwanza kwa pishi ya kwao, akauliza baadaye. Kilichoondoa kinyongo si wingi wa safari zake. Ni mtu mmoja aliyesimama baina ya lugha mbili akafikisha neno la huyu kwa huyu.

Atasema msemaji: je, maalimu, wataka kila ada ikubaliwe? Wataka tufuate kila tulionalo? Nasema: hasha. Wazee wetu wamesema, ukenda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Wamesema fumba, hawakusema ling'oe. Jicho lililofumbwa hufumbuliwa, na lililong'olewa halirudi. Ada iliyopinga amri ya Mwenyezi Mungu au katazo lake haina hukumu kwetu. Lakini kwanza ijulikane ni nini, ndipo iambiwe kuwa imepinga. Hata huyo mtoto, lau alikuwa akiinama mgongo mfano wa kurukuu, ningalimkataza kwa upole, kwa kuwa wanavyuoni wamelichukia jambo hilo. Lakini yeye hakurukuu; aliinamisha kichwa ili mkono wa mkubwa ukifikie. Nikamfunza kutoa salamu ya Kiislamu, nikamwachia kichwa chake.

Na kigezo chetu ni Mtume wetu, rehema na amani zimfikie. Mbedui alipokojoa ndani ya msikiti, sahaba walimwondokea kwa ghadhabu. Mtume akawazuia, akamwacha amalize, akaamuru ndoo ya maji imwagwe mahali pale, kisha akamfahamisha kwa upole kazi ya misikiti. Msikiti ukatoharishwa, na mtu hakuvunjwa. Sahaba waliona tendo. Mtume aliona tendo na mwenye kutenda.

Sasa turejee kwenye jawabu la mas-ala. Wanavyuoni wetu wamesema kuwa ujinga wa hukumu ni udhuru kwa aliyesilimu karibuni, au aliyekulia mbali na wanavyuoni. Ama akaaye kati yao asiulize, hana udhuru. Nami nalifuatisha jambo hili kwa kiasi hicho. Siku ya kwanza nilikuwa na udhuru. Siku ya pili pia, pengine. Lakini mtoto akae mbele yangu miezi mitatu, na baba yake yuko umbali wa mitaa miwili, na swali ni la maneno matatu, wala nisiulize! Huo si ujinga tena. Ni kiburi kilichovaa kanzu ya ujinga.

Na haki ya mja haiondoki kwa kuleta istighfari peke yake mpaka mwenyewe asamehe. Kwa kuwa nilimvunja mbele ya wenziwe, asubuhi iliyofuata nilimtaka radhi mbele ya wenziwe. Baadhi ya watu walininung'unikia, wakasema maalimu hamwombi radhi mtoto. Nikawaambia, Siku ya Hisabu hatutaulizwa umri wa tuliyemdhulumu. Kisha akaja akainamisha kichwa, nami nikaweka mkono wangu juu yake.

Ndugu zangu, Mola wetu ametufahamisha katika Suratul Hujurati kwamba ametujaalia kuwa mataifa na makabila ili tupate kujuana. Na kabla yake, katika sura hiyo hiyo, amekataza watu wasidharau watu. Kujuana hakuji kwa kukaa mtaa mmoja. Huja kwa kuuliza. Mkiona kwa mgeni jambo mnalolichukia, mwulizeni yeye, au mtu ajuaye ada zake, kabla ya kumpa jina. Nanyi mlio wageni, waambieni wenyeji wenu ada zenu, wala msiwaache wakakisia.

Mwenyezi Mungu atusamehe yale tuliyowahukumia waja wake bila ya kuyajua, na azilainishe nyoyo zetu kwa watoto wa watu. Amina.