Kimya cha Pallett Creek

Wazee waliposema kimya kingi kina mshindo mkuu, walikuwa wakimtazama binadamu. Lakini sijaona mahali usemi huo unapothibitika kama Pallett Creek, kijito kilicho kaskazini mashariki ya Los Angeles, juu ya ufa wa San Andreas.

Zamani palikuwa kinamasi. Majani yalioza yakawa tabaka jeusi, mafuriko yakalifunika kwa mchanga, majani yakaota tena. Baadaye kijito kikachimba njia yake chini, kinamasi kikakauka. Miaka ya 1970, mwanajiolojia Kerry Sieh, akiwa bado mwanafunzi, alichimba mahandaki hapo akitafuta alama za matetemeko ya kale.

Katika ukuta wa handaki ufa unapanda kutoka chini, unakata tabaka jeusi, unakata mchanga, unakata jeusi jingine, kisha unakoma. Tabaka la juu yake limelala zima. Ni kama mikeka iliyopangwa mmoja juu ya mwingine: kisu kikipita leo, mkeka utakaotandikwa kesho hautakuwa na jeraha. Basi tetemeko lilikuja baada ya tabaka la mwisho lililokatwa na kabla ya la kwanza lililosalimika. Kwingine mchanga uliolowa ulitikisika hadi ukatapikwa juu, ukayafunika majani yaliyokuwa yakiota siku hiyohiyo.

Umri wa majani hayo husomwa kwa kaboni-14, ambayo tangu mmea ufe huendelea kupungua, nusu yake ikiisha kwa miaka 5,730 hivi.

Mwaka 1989 Sieh na wenzake walitoa hesabu ya matetemeko kumi, yakipishana kwa wastani wa miaka 132. Wastani huo unanitia hofu, maana ni rahisi kuushika kama ratiba ya basi. Matetemeko yale yalikuja kwa makundi, yakifuatana kwa miongo michache, kisha kimya cha karne mbili au tatu. La 1812 na la 1857 yalipishana kwa muda usiofika miaka 45. Tangu hapo, kimya. Babu, baba na mjukuu wanaweza kuzaliwa na kuzikwa ndani ya kimya kimoja, kila mmoja akimwambia mwenzake kwamba ardhi hii ni tulivu, na hakuna aliyesema uongo.

Kwetu, tarehe 13 Desemba 1910, Rukwa, Tanzania, ilitikiswa na tetemeko la kipimo cha 7.4. Walioliona wote wametangulia mbele ya haki. Shahidi aliyebaki ni udongo, umelala tabaka juu ya tabaka kandokando ya nyufa zetu, ukingoja jembe.