Nilichagua Mabati

Kikao kiliitwa saa nne, kikaanza saa sita. Ilikuwa hapa Kitale, kwenye kiwanja ambapo kwa miaka mingi mafundi wamemwaga oili chafu na kupasua betri za magari. Sasa panatakiwa soko. Afisa akauliza: "Wananchi, mnataka vibanda vya mbao ama vya mabati?" Nikainua mkono, nikachagua mabati. Tukapewa soda, tukatia sahihi.

Mama mboga mmoja ndiye aliuliza, "Na huu mchanga, mmeupima?" Akajibiwa hayo ni mambo ya wataalamu. Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, na hicho kicheko bado kinanisumbua.

Khocha wangu alifanya kazi Webuye, kwa Panpaper, kiwanda cha karatasi kilichoanza uzalishaji 1974 na kufungwa 2009. Ukipita barabara ya Bungoma kwenda Eldoret enzi hizo, ile harufu ya mayai viza ilikupata kabla hujauona mji. Watu walilalamikia vifua, walilalamikia mabati yanayoliwa na kutu. Kiwanda kilipofungwa nikamuuliza khocha kama anafurahia hewa safi. Akaniambia, "Hewa hailipi karo, kijana."

Kwa muda mrefu jibu hilo liliniudhi. Niliona linawapa nguvu wanaosema maskini akiulizwa atachagua sumu, basi ya nini kumuuliza? Lakini khocha alijua anachokichagua. Pua yake ilimwambia kila asubuhi. Unaweza kubishana na uamuzi wake, ila ulikuwa wake.

Madini ya risasi hayana huo uungwana. Hayanuki. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliacha risasi udongoni na kwenye damu ya watoto. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi humo, aliongoza wakazi kudai haki. Julai 2020 mahakama ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3, na udongo usafishwe ndani ya miezi minne. Fidia ikatenguliwa kwenye rufaa, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Hesabu mwenyewe hiyo miaka, halafu ukumbuke mtoto hangoji rufaa ndiyo akue.

Katiba yetu, kifungu cha 69, inaitaka serikali ihimize wananchi washiriki katika kutunza mazingira. Sawa. Lakini ukiniuliza rangi ya mlango na kunificha kilicho chini ya sakafu, hujanishirikisha. Umechukua sahihi yangu ili kesho tugawane lawama.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, ripoti ya maabara siwezi kuisoma. Mama mboga naye hakuomba kusoma. Aliomba kuambiwa.

Na akiambiwa, kisha aseme bado anataka kibanda chake? Hapo ndipo mimi hukwama. Mtoto wake ataketi kwenye huo mchanga kando ya gunia la sukuma, atatia vidole mdomoni, na kikaoni hakuwa na mkono wa kuinua. Hata karo ya khocha ililipwa pia kwa vifua vya binamu zangu. Nadhani hapo mtaalamu ana haki ya kukataa, hata kama sisi wote tumekubali. Lakini kwanza apime.

Wiki iliyofuata nilirudi kuomba jina langu lifutwe. Karani akafungua daftari, akanitazama. "Kwani umebadilisha, sasa unataka mbao?"