Wanangu, Inameni Chini ya Pikapu

Wanangu mnaotafuta pikapu ya dizeli iliyotumika, nisikilizeni kabla hamjamkabidhi dalali pesa. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Makambako hadi Njombe, nimewaona vijana wenye bidii wakiuza shamba la miti au kukopa kwenye vikoba ili wapate gari la kubebea viazi na parachichi. Misimu miwili haijaisha, gari liko juu ya mawe, matairi yamevuliwa, na marejesho bado yanadaiwa. Watu husema ni bahati mbaya. Mimi nasema gari lile lilikuwa limechoka tangu siku liliponunuliwa, na dalili zote zilikuwepo, ila mnunuzi alitazama rangi, rimu na redio.

Shikeni neno moja: anayenunua gari la kazi ananunua maisha liliyoishi. Lilibeba nini, lilipita wapi, nani alilitunza, oili ilibadilishwa lini. Rangi hupakwa kwa siku moja na kilomita hurudishwa nyuma kwa dakika chache, lakini maisha hayo yamebaki kwenye chesisi na kwenye injini, na mwenye subira huyasoma.

Anzeni na mzigo wenu. Hilux nyingi zimeundwa kubeba takriban tani moja, na pikapu ya Land Cruiser huongeza kidogo tu juu ya hapo. Tani moja ni mifuko 20 ya saruji ya kilo 50. Ni magunia 10 ya viazi ya kilo 100, na yakiwa lumbesa hayafiki hata 10. Kijana akiniambia mzigo wake ni tani tatu kila safari, namwambia atafute Canter, pikapu aiache. Pikapu ikibebeshwa tani tatu itakubali mwezi wa kwanza na wa pili, na kukubali huko ndiko kunakowaponza wengi. Huku juu dereva anasifu nguvu ya gari, kule chini chesisi inaanza kupasuka nyuma ya kabini, klachi inaungua, na beringi za magurudumu ya nyuma zinakwisha.

Mkishajua mzigo, ulizeni gari limetoka wapi, kisha lipimeni jibu. Toyota iliacha kuuza Hilux nchini Japani mwaka 2004 na kuirudisha sokoni mwaka 2017. Kwa hiyo mtu akiwaletea Hilux ya dizeli ya mwaka 2010 na kuapa kwamba ilitembea Japani kwenye lami laini, ama hasemi kweli ama hajui anachouza. Hilux za miaka hiyo hutoka Uingereza, Thailand na kwingineko. Zile za Uingereza zina sifa na zina hatari. Sifa yake ni kwamba gari la kule hukaguliwa kila mwaka likishatimiza miaka mitatu, na mwenye namba yake ya usajili wa kule anaweza kuisoma historia ya ukaguzi huo kwenye intaneti bila malipo, pamoja na umbali uliorekodiwa kila mara. Kumbukeni tu kwamba dashibodi yake inahesabu maili, na maili 100,000 ni kilomita 160,000 hivi. Hatari yake ni chumvi. Kule wakati wa baridi barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo hula chesisi kwa miaka mingi huku bodi ikiendelea kung'aa.

Kuna magari yanayotoka nchi za Ghuba, ambako usukani uko kushoto, kisha yakahamishiwa usukani kulia ili yauzike kwetu. Gari likiwa la namna hiyo, tazameni kama dashibodi imekatwa na kuungwa, na kama sehemu zinazobeba usukani zimechomelewa. Mimi nawashauri mliache. Usukani ukikatika kwenye kona za mlima Kitonga hakuna fundi wa kuwasaidia.

Magari ya humu nchini nayo yana tabia zake. Gari la mgodini limekula vumbi na matope mchana na usiku. Gari la mradi lenye namba za DFP mara nyingi lilitunzwa kwa ratiba, hivyo ombeni kitabu chake cha matengenezo. Lakini ulizeni pia limesimama muda gani likisubiri mnada. Gari la dizeli lililokaa mwaka mzima chini ya mti huota kutu ndani ya tangi, raba zake hukauka, na siku likirudi barabarani uchafu wote hukimbilia kwenye pampu na noseli.

Sasa injini. Mkikuta Land Cruiser yenye 1HZ, hiyo ni injini ya silinda sita, lita 4.2, iliyoanza kutoka mwaka 1990. Haina tabo, na upimaji wa mafuta hauendeshwi na kompyuta. Haina mbio, lakini pampu yake ni ya kimekanika, na fundi pampu mzuri wa Mbeya au Iringa anaweza kuifungua na kuirudisha. Kwa kazi ya vijijini, hilo lina thamani kuliko nguvu za ziada. Ina sharti moja lisilosamehewa: mkanda wa taiming hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, valvu na pistoni hugongana, na injini nzima inashushwa. Muuzaji asipokuwa na ushahidi wa lini ulibadilishwa, uhesabuni kuwa umekwisha, na gharama yake muitoe kwenye bei.

Mkikuta Hilux ya lita 3.0 ya D-4D, yaani 1KD, ina nguvu na haili mafuta sana, lakini noseli zake hufanya kazi kwa mgandamizo mkubwa mno na hazivumilii dizeli chafu. Nyingine zina ugonjwa unaojulikana. Washa za shaba chini ya noseli huvujisha, moshi wa ndani ya silinda unapenya na kuingia kwenye oili, oili inakuwa nzito kama uji, kisha inaziba chujio la ndani ya sampu. Hapo injini inakosa oili na kufa, pengine katikati ya safari. Kwa hiyo mwiteni fundi ashushe sampu akague chujio hilo, na azipime noseli kwenye mashine. Muuzaji akikataa, amekwisha kuwajibu.

Katika injini zote mbili, ulizeni gari lilinyweshwa mafuta gani. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, ilianzisha uwekaji wa vinasaba kwenye mafuta ili kuwabana wachakachuaji, lakini vijijini bado kuna wanaouza dizeli kwenye madumu, na hakuna ajuaye imechanganywa na nini. Fungueni koki iliyo chini ya chujio la dizeli, kingeni mafuta kwenye chupa ya kioo, kisha mtulie. Maji ni mazito kuliko dizeli, yatakaa chini na mtayaona. Mkiona maji mengi au vumbi la kutu, jueni noseli zimeteseka.

Siku ya ukaguzi fikeni asubuhi na mapema, na kabla gari halijawashwa iguseni boneti kwa kiganja. Ikiwa na joto, kuna mtu amewatangulia kuipasha injini, kwa sababu dizeli iliyochoka hukataa kuwaka ikiwa ya baridi. Rudini kesho yake. Injini ikiwa bado ya baridi, fungueni rejeta mtazame maji. Yakiwa na utando wa oili, au injini ikishawaka yakatoa mapovu yasiyokoma, gasketi ya silinda hedi imeungua au hedi imepasuka. Kisha tazameni moshi. Mweusi mwingi unasema hewa haitoshi au mafuta yamezidi. Wa bluu unasema injini inakula oili. Mweupe unaoendelea kutoka na kunuka dizeli unasema mafuta hayaungui sawasawa. Injini ikiwa inanguruma, fungueni kifuniko cha oili: pumzi kidogo ni kawaida, lakini ikifuka kama bomba, ringi na silinda zimelika.

Baada ya hapo vueni koti, mlale chini. Hapa ndipo ukweli ulipo, na hapa ndipo vijana wengi wanapoona aibu kuchafuka. Fuateni chesisi kutoka mbele hadi nyuma kwa tochi na nyundo ndogo. Kutu ya juu juu si kitu, lakini nyundo ikitoa mlio mfu na magamba yakaanguka, chuma kimekwisha. Tafuteni mishono ya welding nyuma ya kabini na kwenye vishikizo vya springi. Hesabuni majani ya springi za nyuma na kuyalinganisha pande zote mbili. Yakiwa yameongezwa, gari lilibebeshwa kuliko uwezo wake, hata kama mwenye nalo anasema lilikuwa la kwenda kanisani. Kwenye Land Cruiser, tazameni tufe la chuma lililo nyuma ya kila gurudumu la mbele. Likivuja oili iliyochanganyika na grisi, sili ya ndani imekwisha, na beringi zinasubiri zamu yake.

Kisha lipandisheni mlima likiwa na mzigo. Kwenye uwanja wa dalali kila gari ni zima. Linapopanda Kitonga, au mlima wowote mrefu ulio karibu nanyi, mshale wa joto ndio utakaosema. Ingizeni gia zote, msikilize gia ya tano. Uendeshaji wa magurudumu manne ujaribuni kwenye barabara ya udongo, si kwenye lami kavu.

Gari likishapita yote haya, ndipo mfungue kadi. Linganisheni namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma na iliyo kwenye kadi, pamoja na namba ya injini. Jina la kwenye kadi liwe la mtu mnayempa pesa, au awepo mwenyewe. Kadi ikiwa na jina la benki, deni bado lipo. Pitisheni namba ya gari kwenye mfumo wa polisi muone faini zinazodaiwa. Mauziano yaandikwe mbele ya wakili, na pesa ipite benki.

La mwisho ni gumu kuliko yote kwa kijana mwenye hamu. Msimalize mtaji wote kwenye kununua. Katika kila shilingi tano mlizo nazo, nne ziwe za gari na moja ibaki. Hiyo moja ni ya oili zote, machujio, mkanda wa taiming, breki na matairi, na hivyo vifanywe kabla ya safari ya kwanza. Kama pesa haitoshi kwa yote mawili, nunueni gari la bei ya chini lenye injini nzima, au mngoje msimu mwingine. Wahenga walisema rahisi ni ghali, na kwenye dizeli chakavu msemo huo hulipwa kwa mamilioni.

Kungoja si unyonge, wanangu. Viazi vitalimwa tena mwakani, na pikapu zitaendelea kuuzwa. Anayewaambia kwamba mtu mwingine yuko njiani na pesa, mwacheni huyo mwingine anunue. Nyinyi rudini nyumbani na mtaji wenu mkiwa mmejifunza kukagua, mtafute jingine, na Mungu awape macho ya kuona na subira ya kuinama.