Jumatano: Jina la Kuazima

Soma 2 Wafalme 5:15–27. Gehazi alitumia jina la nani kupata mali kwa Naamani? Ni nani wengine walioumizwa na uongo wake?

Mwaka 1924 Arthur Maxwell, mhariri Mwadventista huko Uingereza, alianza kutoa vitabu vya visa vya kuwasomea watoto kabla ya kulala. Katika miaka ya 1950 aliandika visa vya Biblia katika vitabu kumi. Huko Marekani, wainjilisti wa vitabu waliomba ruhusa kwa madaktari, wakaweka kitabu cha kwanza katika vyumba vya kungojea wagonjwa, pamoja na kadi. Mzazi aliyevutiwa aliijaza kadi na kuituma kwa posta, kisha mwinjilisti akamtembelea nyumbani.

Daktari hakuwa muuzaji. Alitoa nafasi mezani, na pamoja nayo alitoa kitu cha thamani zaidi: imani ya wagonjwa wake. Mwinjilisti anayebisha hodi kwa mama huyo amebeba jina la kuazima. Itakuwaje akitaja malipo ya kila mwezi tu na kuficha jumla ya bei? Itakuwaje akimwambia mjane kwamba asiponunua hawapendi watoto wake? Vitabu vitauzwa, lakini visa vya Yesu vitakaa rafuni vikiwa deni, na daktari ataondoa kitabu mezani.

Hivyo ndivyo Gehazi alivyofanya. Elisha alikataa zawadi ili Naamani ajue kwamba neema ya Mungu hainunuliwi. Gehazi akamfuata na uongo, naye Naamani akatoa kwa moyo mweupe, akidhani anamheshimu nabii.

Kuuza vitabu si dhambi. Mtenda kazi anastahili ujira wake (Luka 10:7). Lakini uhusiano wa biashara ni amana. Mwinjilisti mwaminifu hutaja bei yote, na asiye na uwezo humshauri achukue kitabu kimoja, au asubiri. Humrudia daktari hata mwezi ambao hakuna kadi iliyojazwa, humshukuru, na kubadilisha kitabu kilichochakaa.

Soma Mithali 22:1. Ni nani aliyekufungulia mlango kwa jina lake, katika biashara au katika huduma? Je, angesikia maneno yako yote huko ndani, angekufungulia tena?