Sababu, Ada na Kompyuta Isiyowaka

Swali la sababu, yaani swali la kitu gani hasa hufanya jambo litokee na nani anastahili kutajwa kuwa mtendaji wake, huhesabiwa kuwa la wanatheolojia na wanafalsafa, lakini makazi yake ya kila siku ni nyumbani, na katika Bujumbura ya leo hujitokeza waziwazi pale kompyuta ya mezani inapobonyezwa kitufe nayo isitoe taa wala sauti ya feni. Hapo husikika kauli mbili, moja ikisema kwamba Mungu ndivyo alivyopenda, nyingine ikisema kwamba kuna kitu kimeungua, na wengi hudhani kwamba anayeikubali ya kwanza sharti aikatae ya pili. Dhana hiyo ni potofu, na upotofu wake hauishii vitabuni, kwa kuwa una watu unaowaumiza.

Majina ya Warundi wenyewe yanaikanusha. Hakizimana maana yake ni kwamba Mungu ndiye aponyaye, Harerimana kwamba Mungu ndiye aleaye, Havyarimana kwamba Mungu ndiye azaaye, na katika kila jina Imana, yaani Mungu kwa Kirundi, amewekwa mahali pa mtendaji ilhali mtendaji mwingine anaonekana kwa macho. Aliyempa mtoto jina la Havyarimana hakukana kwamba mama alishika mimba na kujifungua, wala aitwaye Hakizimana hakatazwi kupelekwa hospitali. Majina haya yanashika ngazi mbili za sababu kwa pamoja bila moja kuifuta nyingine, jambo ambalo vitabu vizito vya teolojia vimelitafutia maneno kwa kurasa nyingi.

Inafaa kwanza kueleza jinsi kompyuta inavyowaka, kwa maana hakuna chombo cha nyumbani kinachoonyesha mnyororo wa sababu kwa uwazi kama hicho. Umeme wa volti 220 ukitoka kwenye soketi huingia katika kisanduku cha umeme kilichomo ndani ya kompyuta, ambacho kazi yake ni kuugeuza kuwa mkondo mnyoofu wa volti 12, 5 na 3.3. Kisanduku hicho hakiuruhusu ubao mkuu, yaani ule ubao mpana unaobeba na kuunganisha sehemu zote, uanze kazi mpaka kimehakikisha kwamba volti zake zimetulia, nacho hutoa ishara ya ushahidi huo ndani ya muda usiofika nusu sekunde. Ishara ikipokewa, prosesa, ambayo ndiyo sehemu inayotekeleza amri, huachiliwa na kwenda moja kwa moja kwenye anwani isiyobadilika, ambako huikuta programu ndogo iliyoandikwa ndani ya chipu, na programu hiyo hukagua kumbukumbu ya muda, yaani ramu, hutafuta diski, na mwishowe huukabidhi mfumo endeshi usukani. Katika kompyuta za zamani makabidhiano hayo yalipitia baiti 512 tu za mwanzo wa diski, na alama ya baiti mbili za mwisho ilipokosekana, diski nzima ilihesabiwa kuwa haina kitu cha kuwasha.

Kwa sababu hiyo fundi mwenye adabu ya kazi yake hufuata mnyororo kwa mpangilio wake, akianza na soketi na waya, kisha kisanduku cha umeme, ambacho kapasita zake huvimba kutokana na joto na kutokana na umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika. Feni ikizunguka lakini kioo kikabaki cheusi, huichomoa ramu, husafisha meno yake kwa kifutio cha penseli na kuirudisha. Milio ikisikika huihesabu, kwa kuwa idadi na urefu wake hutaja sehemu yenye kasoro kwa mujibu wa mtengenezaji. Vumbi la kiangazi na joto la ufukwe wa ziwa Tanganyika huharakisha uchakavu wote huo.

Ni hapa ambapo Tomaso wa Akwino, mwanateolojia wa Kikatoliki aliyeishi kati ya mwaka 1225 na 1274, ana msaada mkubwa kuliko wanavyodhani wengi wanaomtaja kwa haraka. Alitofautisha minyororo miwili ya sababu. Wa kwanza ni ule ambao sababu iliyotangulia ikishamaliza kazi yake inaweza kutoweka bila madhara, kama fundi anayetumia nyundo moja baada ya nyingine kwa kuwa kila moja huvunjika. Wa pili ni ule ambao sababu ya juu inatenda sasa hivi pamoja na ya chini, kama mkono unaosukuma fimbo inayosukuma jiwe, ambapo mkono ukisimama na jiwe husimama. Kompyuta ina minyororo yote miwili: programu ya chipu huukabidhi mfumo endeshi usukani na karibu imalize kazi, lakini umeme haukabidhi chochote, kwa maana unashikilia kila kitu kila nukta, na ukikatika mfumo wote huanguka hata kama ulikuwa umewaka kwa saa kumi. Hoja ya Tomaso kuhusu Mungu inahusu mnyororo wa pili. Haikusudii kumthibitisha aliyebonyeza kitufe zamani kisha akaondoka, bali inamhusu anayeshikilia sasa. Harerimana, Mungu aleaye, ni jina la ngazi hiyo hiyo.

Wala mnyororo hauishii kwenye soketi. Sehemu ya umeme wa Burundi hutoka katika mtambo wa Ruzizi II, ulioanza kazi mwaka 1989 kwa ushirika wa Burundi, Rwanda na nchi iliyoitwa wakati huo Zaire, na mtambo huo huendeshwa na maji ya mto unaotoka ziwa Kivu kwenda ziwa Tanganyika. Fundi huishia ukutani, mhandisi huishia mtoni, na anayeuliza kwa nini kuna mto, na kwa nini kuna kitu chochote kabisa badala ya kutokuwepo chochote, ameingia katika swali jingine ambalo kipima volti hakiwezi kulijibu wala hakilizuii. Alexis Kagame, padri na mwanafalsafa wa Rwanda aliyefariki mwaka 1981, alipochambua lugha iliyo ndugu wa karibu wa Kirundi alitenganisha umuntu, kiumbe chenye akili, na ikintu, kitu kisicho na akili. Kwa mgawanyo huo kompyuta, pamoja na werevu wake wote, ni ikintu, na uwezo wake wa kujiamsha ni wa kuazimwa.

Upande wa Uislamu, ambao una waumini wengi katika mtaa wa Buyenzi jijini Bujumbura, penye Kiswahili na mafundi wa kila aina, swali lilipewa sura kali zaidi. Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika katika Tahafut al-Falasifa kwamba jicho huona pamba ikiungua ikutanapo na moto, lakini haliuoni ulazima wowote unaoufunga moto na kuungua, kwa kuwa mtendaji wa kweli ni Mungu, na mfuatano tunaouzoea ni ada aliyoiweka. Neno hilo ndilo lililoingia katika Kiswahili, likimaanisha desturi na hata malipo ya desturi. Ibn Rushd wa Kordoba, aliyefariki mwaka 1198, alimjibu kwamba anayeondoa sababu ameondoa akili yenyewe, kwa maana kujua kitu ni kujua sababu zake. Jibu hilo lina nguvu, lakini lisimfiche Ghazali, ambaye alisema pia kwamba aliyeacha kitabu nyumbani hana haja ya kuhofu kwamba kimegeuka farasi, kwa kuwa Mungu ametutia moyoni ujuzi wa ada yake. Fundi anayemfuata Ghazali na anayemfuata Ibn Rushd wataanza wote wawili na soketi, mmoja akisema anafuata ada ya Mungu, mwingine akisema anafuata maumbile ya vitu.

Basi kusema kwamba ni Mungu kabla ya kifuniko kufunguliwa hakumwongezei Mungu utukufu. Humpunguzia, kwa kumfanya jina la mahali ambapo uchunguzi ulichoka. Baya zaidi ni kwamba pengo hilo mara nyingi halijazwi na Mungu, bali hujazwa na binadamu: swali la nini limeharibika hugeuka kuwa swali la nani ameharibu, na jicho humwangukia mtumishi wa ndani, mtoto aliyecheza jana, au jirani anayesemwa kuwa umurozi, yaani mchawi. Ramu iliyolegea haijui kujitetea, na anayetuhumiwa aghalabu ndiye mwenye sauti ndogo zaidi nyumbani. Pale fundi anapoonyesha kapasita iliyovimba, mtu huyo anastahili kuombwa samahani, na samahani hiyo iombwe kwa jina lake, mbele ya walewale waliosikia tuhuma, kabla kompyuta haijarudishwa mezani.