Je, Kutazama ni Kuchukua?

Kutazama ni tendo ambalo wengi wetu hulihesabu kuwa halina lawama. Mwizi huchukua, mwongo hudanganya, lakini mtazamaji hufanya nini? Akiondoka, kila kitu hubaki mahali pake. Nami niliamini hivyo mpaka nilipokwenda Kibiro kutazama chemchemi za maji moto.

Kibiro ni kijiji kilicho ufukoni mwa Ziwa Albert, wilayani Hoima, chini ya genge la Bonde la Ufa. Mimi na mwanafunzi mwenzangu tulitoka Kampala kwa basi hadi Hoima, tukapanda bodaboda, kisha tukateremka genge kwa miguu. Mbele yetu lilitanda ziwa, na ng'ambo yake milima ya Kongo. Chini ya genge maji yalichemka na kutoa mvuke wenye harufu ya mayai yaliyooza. Nilitoa simu nikapiga picha za mvuke, za mawe, halafu ya mama mmoja aliyeinama akikwangua udongo.

Wanawake wa Kibiro hutengeneza chumvi kutokana na maji hayo. Hutandaza udongo mkavu juu ya ardhi yenye unyevu wa chumvi; jua likiwaka, chumvi hupanda, nao huukwangua udongo huo. Baada ya siku kadhaa huutia katika chungu chenye matundu, huumiminia maji, kisha huyachemsha maji yaliyochujika mpaka ibaki chumvi. Mvua ikinyesha, jasho la siku hizo hupotea. Kazi hii imedumu kwa zaidi ya miaka 700, na mashamba ya chumvi ni mali ya wanawake. Mama humrithisha binti.

Yule mama aliinuka, akanisalimia kwa Kinyoro na kuniuliza empaako yangu, yaani lile jina la heshima na upendo ambalo Wanyoro na Watooro huitana wanaposalimiana. Mimi ni Muganda, sina. Akahamia Kiswahili, kile cha wavuvi wa ziwani: "Hiyo picha unapeleka wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekwisha kumpiga picha kabla ya kumsalimia.

Tulipokuwa tukipanda genge kurudi, mwenzangu alinitetea. Chumvi ya mama haikupungua hata punje, alisema. Mahali pale ni pa wazi, na wageni huleta fedha. Hoja hizi si dhaifu. Lakini nilikumbuka chemchemi nyingine, za Kitagata, wilayani Sheema. Ziko mbili: moja ilikuwa ya Omugabe, mfalme wa Ankole, na nyingine watu huiita Mulago, kwa sababu wagonjwa huingia humo wakitumaini kupona. Wanaoga wakiwa nusu uchi. Nani atadai kwamba kuwapiga picha hakuna ubaya kwa kuwa maji hayapungui? Jina lenyewe linatufundisha. Katika Hospitali ya Mulago, hapa Kampala, hatuingii wodini na kamera kana kwamba tumekwenda bustanini.

Basi madhara hayapimwi kwa kilichopungua peke yake. Nilichochukua Kibiro ni haki ya mtu kuamua jinsi atakavyoonekana. Kant alifundisha kwamba tusimtumie binadamu kama chombo tu cha kufikia makusudi yetu. Mimi nilimtumia mama yule kama pambo la mvuke. Nilinunua chumvi yake, ndiyo, lakini fedha ile ililipia chumvi, picha haikulipiwa.

Je, tuache kusafiri? La. Nisingekwenda, ningeendelea kudhani kwamba chumvi hutoka dukani. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii haimfukuzi mgeni; inampa sharti. Na nionavyo mimi, sharti la kwanza ni kwamba anayetazama akubali naye kutazamwa. Empaako hufanya kazi hiyo hasa: kabla ya lolote, mgeni huulizwa yeye ni nani. Mtu aliyejibu swali hilo hawezi tena kumwona mwenzake kama mandhari.

Nilimpa mama simu aitazame picha. Aliiangalia kwa muda. "Huu ni mgongo tu," akasema. "Futa." Nikafuta. Kisha akacheka, akasema kuanzia siku ile mimi ni Abwooli, akaniuliza habari za nyumbani. Tulizungumza mpaka jua likaanza kushuka upande wa Kongo. Sina picha yake, lakini nikirudi Kibiro nitakuwa na jibu nitakapoulizwa empaako yangu.