Haki ya Kisichoonekana Udongoni

Je, mtu hulaumiwa kwa kudhuru asichokiona? Mathalan mkulima wa Nyamisangura, katika Tarime, mkoa wa Mara, hunyunyizia mahindi yake dawa ya kuua wadudu. Akimwona mdudu amekufa juu ya jani, huridhika. Walakini sehemu ya dawa ile hushuka udongoni, na humo mna viumbe wadogo mno wasioonekana kwa macho, ambao kazi yao ni kuozesha majani na kinyesi hata vikawa chakula cha mmea. Wakifa hao, ardhi hudhoofika, na mwenyewe hajui sababu.

Na yapasa ijulikane kwamba samadi na majani yaliyooza ni kinga yao kwa njia mbili. Kwanza, mboji huishika sumu, ikapungua katika maji ya udongo, ambamo ndimo waishimo. Pili, huwalisha wakazidi kuwa wengi, na baadhi yao huivunjavunja sumu yenyewe. Basi mwenye ng'ombe zizini, naye huiacha samadi ichukuliwe na mvua, ameitupa ngao ya shamba lake.

Wala asiseme mtu, "Samadi iko, nitamwaga nitakavyo." Kushika si kuondoa, na kila kinga ina mpaka wake. Huku pwani, katika shamba la Vikuge, karibu na Kibaha, shehena ya dawa za wadudu zilizotoka Ugiriki mwaka 1986 iliwekwa katika banda, na banda likabomoka. Hata baada ya shehena kuondolewa, DDT ilikutwa udongoni hata kina cha sentimita 50, na sumu ikaonekana katika maji ya visima. Kwa wingi kama ule, mboji haitoshi.

Wanavyuoni wa fiqhi wamekwisha kubainisha hukumu ya mwenye kuwekewa amana: kikiharibika kitu pasipo taksiri yake, halipi, akifanya taksiri, hulipa. Na ardhi ni amana ipitayo mikononi mwa baba kwenda kwa mwana. Anyunyizaye kwa kadiri ya haja, na huku akiirudishia ardhi samadi yake, ameihifadhi. Azidishaye kwa pupa ana taksiri, ijapokuwa hapana amwonaye. Kwani kutoona ni udhuru wa asiyejua. Ama aliyekwisha kujua, udhuru wake umekatika.